King'ora kinalia usiku kucha na betri imejaa! Naombeni ushauri

Fundi_Tororo: Wakuu, poleni na kazi. Nina Arduino Nano (kibao kidogo cha kuprogramu, chipu yake ATmega328P) inayolinda banda la vifaranga hapa Tororo. Inakula betri moja ya lithiamu, na inajipima volti yenyewe kwa kulinganisha ile volti 1.1 ya ndani ya chipu na umeme unaoingia. Ikishuka chini ya 3.5, king'ora. Sasa kioo kinasema 3.3 betri ikiwa imejaa, 3.3 ikiwa nusu. Mita inasema 4.08! Jirani ameshanigongea mara mbili.

Mama_Mayai: Mimi Busia nililea vifaranga 300 kwa sigiri na macho yangu mawili. King'ora pekee kilikuwa mume wangu akikoroma.

Boda_Mbale: Kiuze kwa mlokole wa mkesha.

Mhandisi_Jinja: Hesabu ya volti ni 1.1 × 1023 ÷ namba ghafi unayosoma toka kwenye chipu. Kwa 4.08 ungesoma kama 276. Unasoma ngapi?

Fundi_Tororo: 337. Haisogei.

Mhandisi_Jinja: Mguu wa AREF (wa rejeo, yaani volti ya kulinganishia) umeunganishwa na nini?

Fundi_Tororo: Kawaida tu.

Mhandisi_Jinja: Kawaida gani, ssebo? Piga picha.

Fundi_Tororo: Sawa, kuna waya toka AREF hadi 3V3 (mguu unaotoa volti 3.3). Kipimajoto cha TMP36 kilikuwa kinayumba, waya ukakituliza. Ila msiniambie niuondoe. Vibao sita nimeshalehemu na mteja kalipa nusu. Siwezi tu kushusha kiwango kiwe 3.2?

Mhandisi_Jinja: Ukishusha hakitalia hata betri ikifa. Programu yako ikichagua AVcc (umeme wa betri) kuwa rejeo, chipu inaiunganisha na AREF huko ndani, kwa hiyo 4.08 na 3.3 zinapigana kwenye mguu mmoja, ndiyo maana kioo kimeganda 3.3. Utaunguza kitu. Kata waya, pale acha kapasita ya nanofaradi 100 kwenda hasi. TMP36 ipime kwa 1.1 ya ndani: nyuzi 35 ni volti 0.85 tu, inaenea. Kila ukibadili rejeo subiri kidogo, na usomaji wa kwanza utupe.

Mzee_Malaba: Ngojeni. Vifaranga wa umri gani, na joto umeweka ngapi?

Fundi_Tororo: Wiki ya nne. 33.

Mzee_Malaba: Wiki ya nne nyuzi 33! Hiyo ni ya wiki ya kwanza, kisha unashusha kama 3 kila wiki. Huyu hana kuku. Mwanafunzi huyu, anafanyiwa mradi wa chuo bure.

Boda_Mbale: Nilijua! Mwenye vifaranga hakosi kulalamikia bei ya chakula.

Fundi_Tororo: Kuku ni wa shangazi, mimi ni mtu wa waya.

Mzee_Malaba: Na mteja?

Fundi_Tororo: Ndiye huyo huyo.

Mama_Mayai: Umemtoza shangazi yako malipo ya awali??

Fundi_Tororo (saa 4 usiku): Nimekata waya kwenye kibao kimoja. Kinasema 4.18, mita 4.08. Kimya kimetawala.

Mhandisi_Jinja: Hiyo tofauti ni ya chipu yako. 1.1 ya kiwandani huangukia popote kati ya 1.0 na 1.2. Piga 1.1 × 4.08 ÷ 4.18, weka kama 1.07. Kila kibao na namba yake, usinakili.

Fundi_Tororo: Vyote sita?

Mama_Mayai: Vyote. Na joto ushushe, mwanangu, wanachemka hao.