Maduka ya vepu (sigara za kielektroniki) yanabadilisha bidhaa: ni nani anayeumia zaidi, mtumiaji wa kawaida au mpenzi wa ufundi?

Tangi_la_Kioo aliuliza:

Ndugu zangu, niliacha sigara za tumbaku miaka sita iliyopita kwa msaada wa kifaa kimoja cha kujazwa, chenye tangi la kioo, na tangu siku hiyo sijarudi nyuma. Sikuwahi kuwa fundi wa vitu hivi. Nilibadilisha koili (kile kipande chenye waya na pamba kinachochemsha kimiminika) kila baada ya wiki mbili hivi, nikajaza kimiminika chenye miligramu 6 za nikotini kwa kila mililita, kisha nikaendelea na shughuli zangu.

Mwaka huu duka ninalonunua limeondoa kabati zima la matangi, koili na waya, na mahali pake pamejaa vifaa vya rangi rangi vilivyojazwa tayari kiwandani, pamoja na vile vidogo vya podi, yaani vikasha vya kimiminika vya kuchomeka. Koili za tangi langu hazipatikani tena. Nilipouliza niliambiwa kwamba mtengenezaji ameacha kuzitoa, na kwamba suluhisho ni kununua kifaa kipya. Rafiki yangu mmoja, ambaye husokota koili zake mwenyewe, anasema kwamba walioachwa yatima ni wapenzi wa ufundi kama yeye, na kwamba sisi wa kawaida tumependelewa kwa kuwa kila kitu kipya kimetengenezwa kwa ajili yetu. Mimi sioni nilichopendelewa. Ningeshukuru kupata maelezo ya kina: kwa nini rafu zinabadilika namna hii, mzigo unamwangukia nani, na mtu wa hali yangu afanye nini kabla hajajikuta ameshika sigara tena?

Aliyeuza alijibu:

Ndugu Tangi_la_Kioo, niliuza bidhaa hizi kwa miaka kadhaa kabla ya kubadilisha kazi, kwa hiyo nitakueleza jinsi mambo yanavyoonekana kutoka upande wa pili wa kaunta.

Tatizo la kwanza ni koili zenyewe. Kila mtengenezaji ana familia zake za koili, na familia moja haiingii katika tangi la familia nyingine hata kama kwa macho zinafanana. Ndani ya familia moja kuna ukinzani (kiasi ambacho waya huzuia umeme, hupimwa kwa omu) wa aina tatu, nne au zaidi, na mteja anayetaka omu 0.8 hawezi kufaidika na ya omu 0.15. Ili duka lihudumie vifaa kumi tu vinavyopendwa, linalazimika kufungia mtaji katika maboksi mengi madogo, ambayo baadhi yake huuzwa mara moja kwa mwezi. Mtengenezaji akiacha kutoa kifaa fulani, na viwanda vya Shenzhen, China, hutoa miundo mipya kwa kasi kubwa sana, maboksi yaliyobaki yanageuka kuwa hasara. Kifaa kilichojazwa tayari hakina usumbufu huo. Hakihitaji maelezo, huuzwa kwa dakika moja, na mnunuzi hurudi baada ya siku chache. Mwenye duka anayelipa pango hana budi kuona tofauti hiyo, na mimi mwenyewe niliiona, ingawa iliniuma kuwaambia wateja wa zamani kwamba koili zao hazitaagizwa tena.

Sababu ya pili ni kemia. Nikotini ya kawaida ikiwa kali hukwaruza koo, ndiyo maana zamani watu walitumia nguvu ndogo ya nikotini lakini mvuke mwingi, na mvuke mwingi ulidai tangi kubwa na betri kubwa. Chumvi za nikotini, ambazo zilienea baada ya vepu ya Juul kuingia katika soko la Marekani mwaka 2015, hutengenezwa kwa kuongeza asidi, mara nyingi asidi ya benzoiki, ili kupunguza mkwaruzo huo. Kifaa kidogo cha wati chache kikaweza kumtosheleza mvutaji mzito. Tangu hapo tangi kubwa halikuwa tena hitaji la mvutaji anayeacha sigara, bali chaguo la anayelipenda.

Sababu ya tatu ni sheria, na hapa nakuomba uvumilie maelezo marefu, kwa sababu ndipo penye mengi yasiyojulikana. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014, lililoanza kutumika Mei 2016, liliweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa mililita, chupa ya mililita 10 kwa kimiminika chenye nikotini, na tangi la mililita 2. Wenye ujuzi walipata njia: walinunua chupa kubwa isiyo na nikotini, yenye mililita 50, kisha wakamimina ndani yake chupa moja ya mililita 10 yenye miligramu 18 kwa mililita, wakapata mililita 60 zenye nguvu ya miligramu 3. Asiyejua hesabu hiyo alibaki na vichupa vidogo. Nchini Marekani, kanuni ya kudhibiti vepu iliyoanza kufanya kazi tarehe 8 Agosti 2016 ilijumuisha hata vipuri, na maombi ya idhini ya bidhaa zilizokuwa sokoni wakati huo yalitakiwa kuwasilishwa kufikia tarehe 9 Septemba 2020. Kampuni kubwa yenye bidhaa chache inaweza kubeba gharama za maombi kama hayo. Karakana ndogo yenye ladha mia moja, kila moja katika nguvu kadhaa za nikotini, haiwezi.

Sheria haikusukuma upande mmoja tu. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vepu za kutumika mara moja tarehe 1 Juni 2025, na Ubelgiji ilitangulia tarehe 1 Januari mwaka huohuo. Wengi walitarajia matangi yarudi rafuni. Kilichokuja kwa wingi ni vifaa vinavyofanana sana na vilevile vilivyokatazwa, vikiwa na tundu la kuchajia na podi ya kubadilisha. Taka zinaweza kupungua, nami ninaunga mkono hilo kwa moyo wote, kwani betri ya lithiamu haipaswi kutupwa baada ya siku tatu. Hata hivyo, podi hizo nazo ni za mtengenezaji mmoja kwa kifaa kimoja, na mtumiaji amefungwa palepale.

Waya_Mwembamba alijibu:

Mimi ni mmoja wa hao wapenzi wa ufundi, na nitasema jambo ambalo wenzangu huenda wasilipende: rafiki yako amekosea. Sisi tumepoteza raha, lakini hatujapoteza uwezo.

Tazama ninachohitaji ili nitumie atomaiza yangu, yaani sehemu inayogeuza kimiminika kuwa mvuke. Nahitaji waya wa kanthali (aloi inayostahimili joto kali) au wa chuma kisichoshika kutu, ambao huuzwa kwa mita. Nahitaji pamba safi. Na nahitaji betri ya kipimo cha 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, kipimo ambacho hutumika hata katika tochi. Atomaiza yenyewe hufungwa kwa skrubu ya aina ya 510, ambayo vifaa vya watengenezaji wengi tofauti hukubaliana nayo. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kilicho mali ya kampuni moja. Roli moja ya waya hunitosha kwa miaka. Duka likifunga kabati lake kesho, nitahuzunika, lakini nitaendelea.

Wewe, ndugu yangu, unategemea kipande kimoja cha chuma na pamba ambacho kiwanda kimoja tu hukitengeneza, na kiwanda hicho hakikuahidi kukitengeneza milele. Ndiyo maana naamini anayeumia zaidi ni mtu wa katikati kama wewe: aliyekwisha kutoka kwenye vifaa vya kutupwa ili aokoe fedha na kupunguza taka, lakini hajajifunza kusokota. Rafu mpya zinamrudisha alikotoka, huku akiambiwa kwamba amerahisishiwa.

Kitu kimoja tumepoteza sisi, nacho ni kikubwa. Zamani kulikuwa na mtu nyuma ya kaunta aliyempima mgeni koili kabla hajaondoka. Koili ya omu 0.2 ikiunganishwa moja kwa moja na betri iliyojaa, yenye volti 4.2, huvuta ampea 21, na betri nyingi za kipimo hicho haziruhusu zaidi ya 20 mfululizo kwa usalama. Kijana anayejifunza peke yake kwa kutazama video, akanunua betri isiyojulikana ilikotoka, hana wa kumwambia hivyo. Hilo hunikosesha usingizi kuliko uhaba wa waya.

Subira_K alijibu:

Naomba nitofautiane kidogo na kaka Waya_Mwembamba. Baba yangu alivuta sigara kwa zaidi ya miaka arobaini na mikono yake hutetemeka. Tulimnunulia tangi, akashindwa: alimwaga kimiminika, alisahau kulowesha koili mpya kabla ya kuiwasha, pamba ikaungua, akaonja ule uchungu na kurudi kwenye pakiti yake siku hiyohiyo. Podi anaichomeka kwa mkono mmoja, na sigara ameiacha. Kwa hiyo mnaposema kwamba bidhaa mpya zinamrudisha mtu nyuma, mkumbuke kwamba kuna watu ambao kabati lile la zamani halikuwahi kuwafaa hata siku moja.

Ninachokubaliana nanyi ni hofu ya kukatikiwa. Podi za baba ziliwahi kukosekana kwa wiki tatu, na kila siku niliogopa kupokea simu kwamba amewasha sigara. Laiti muuzaji angetwambia mapema kwamba aina ile inaondolewa, tungenunua za akiba.

Tangi_la_Kioo alijibu:

Nawashukuru nyote. Dada Subira_K, umenifanya nifikiri upya, kwa kuwa mimi nilihukumu kwa mikono yangu isiyotetemeka. Nina swali moja la ziada. Duka limebaki na vimiminika vya chumvi za nikotini vya miligramu 20 pekee, na kile changu cha miligramu 6 hakipo. Je, naweza kutumia hivyo vya miligramu 20 katika tangi langu kwa koili mbili nilizobakiza wakati natafuta njia nyingine?

Waya_Mwembamba alijibu:

Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Tangi lako hutoa mvuke mwingi kuliko podi, na kimiminika hicho kina nikotini zaidi ya mara tatu ya uliyoizoea. Kwa kila pumzi utapokea kiasi kinachoweza kukupa kizunguzungu, kichefuchefu na mapigo ya moyo ya haraka. Pia vimiminika vya podi kwa kawaida huwa nusu glisarini ya mimea, ambayo ni nzito, na nusu propilini glikoli, ambayo ni nyepesi, hivyo ni vyepesi na huweza kuvuja katika koili yenye matundu makubwa. Kinyume chake nacho hakifai, kwani kimiminika kizito chenye asilimia 70 ya glisarini hakinywewi vizuri na pamba ndogo ya podi, na koili huungua ikiwa kavu.

Tafuta chupa kubwa isiyo na nikotini pamoja na vichupa vya nikotini ya kawaida vya miligramu 18, uchanganye sehemu mbili za ile chupa kubwa kwa sehemu moja ya nikotini. Utapata miligramu 6 zako zilezile. Vaa glavu, kwa kuwa nikotini hupenya kwenye ngozi, na ufungie chupa mahali ambapo mtoto hafiki.

Kuhusu koili, soma jina la familia lililochapwa ubavuni mwa hizo mbili ulizobakiza kabla hazijaisha. Baadhi ya familia hutumika katika matangi zaidi ya moja, na huenda tangi jipya linalokubali koili zilezile bado linauzwa. Likikosekana, nunua tangi la kusokotea koili mwenyewe, lenye nafasi ya koili moja tu, kisha uniandikie hapa ukubwa wake, nami nitakuelekeza mizunguko mingapi ya waya itakupa ukinzani ulio karibu na ule uliouzoea.

Aliyeuza alijibu:

Naongeza neno moja kwa Dada Subira_K. Muuzaji hujua kwamba aina fulani inaondolewa pale msambazaji wake anapokataa oda ya pili mfululizo. Mwulize swali hilo waziwazi kila unapomnunulia baba: oda ya mwisho ya podi hizi ilifika lini, na je, ile inayofuata imekubaliwa?