Naombeni ushauri: nimwambieje ndugu yangu shairi lake lina kasoro?

Binti Kibokoni
Asalaam aleikum wanajamvi. Mtoto wa ami yangu, mkubwa kwangu, ametunga shairi la harusi ya dadake, na mwimbaji wa taarab ameshakubali kuliimba. Juzi alitusomea barazani baada ya Isha. Kila mtu "mashaallah, mashaallah". Nami nikasema hivyo hivyo, na tangu siku ile roho hainipi. Laanza hivi:

Usiku silali tena, moyoni ninayo hamu
Nikikuwaza sana, dunia yaniwa sumu

Mshororo wa pili naona wapwaya, lakini mimi si mshairi. Nina haki ya kusema? Sitamvunja moyo?

Mzee wa Baraza
Waleikum salaam mwanangu. Sikio lako halikukudanganya. Hesabu kwa vidole: ni-ki-ku-wa-za sa-na. Saba! Vipande vingine vyote vina mizani, yaani silabi, nane. Mwimbaji itabidi avute sauti pale, na ngoma haitamngoja. Akisema "Nikikuwazia sana" zatimia nane, na kina, ile sauti ya mwisho, hakijaguswa.

Mama Leso
Mamangu, hiyo ya kusema si mshairi iache. Ukienda Biashara Street kununua leso wafanya nini? Waikunjua, watazama kama pindo na mji wa katikati zapatana rangi, kisha wasoma jina, yale maneno yaliyoandikwa. Jina likiwa la kumpiga mke mwenza kijembe, humpi bi harusi hata rangi ziwe nzuri vipi. Huo ni uhakiki, na twaufanya kila siku. Sasa lisome shairi hilo kama leso. Sumu, kwenye harusi? Mizani yarekebishwa kwa dakika moja, lakini neno hilo wanawake watalibeba mpaka nyumbani. Mbona asiseme "dunia yaniwa tamu"? Kina ni kile kile.

Mpwani
Mama Leso, hapo siafikiani nawe. Mvita hii, Mombasa yetu, ndiyo ya malenga Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840. Alitunga ya mapenzi na ya vita na Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, wala hakuficha uchungu. Dada, muulize kwanza nduguyo alikusudia nini. Na tafadhali, si mbele ya watu.

Binti Kibokoni
Nimerudi. Jana nilimkuta peke yake na kahawa yake, nikamwomba anisomee huku akihesabu vidole. Alipofika "sana" akasita, akarudia tena, kidole cha nane kikabaki juu. Akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia siku ile?" Sikuwa na jibu.

"Nikikuwazia" ameichukua papo hapo. "Sumu" ameikatalia. Kumbe anayesema humo ni yeye mwenyewe, kaka anayeachwa, maana dadake anaolewa Lamu! Nikamwambia sisi sote barazani tulidhani ni bwana harusi. Akanyamaza kitambo, kisha akaniomba kalamu.