Glavu za leza jukwaani: kibandiko cha miliwati 5 kinaaminika?

Mchezaji_Jukwaani: Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu kitatumbuiza kwenye harusi ukumbini. Tumenunua glavu za leza ya kijani, nanomita 532 (urefu wa wimbi la mwanga), kila mkono una diodi nne, yaani vyanzo vidogo vya leza. Kibandiko kinasema chini ya miliwati 5. Watoto watakaa mbele kabisa. Tukielekeza mikono juu, na sisi wenyewe tukavaa miwani ya jua, inatosha?

TaaNaWaya: Haitoshi, mkuu. Leza nyingi za bei rahisi hutoa nguvu kubwa kuliko iliyoandikwa. Ikizidi miliwati 5 umeingia daraja la 3B, la leza zinazoweza kuumiza jicho, linalofika miliwati 500. Hapo kufumba jicho hakuokoi: kope huchukua kama robo sekunde, na lenzi ya jicho imeshaukusanya mwale kwenye nukta moja ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Gizani ni mbaya zaidi, maana mboni hupanuka.

Hata 5 ya kweli si ndogo. Mwale unaotanuka miliradiani 1, yaani kama milimita 1 kwa kila mita, ukiwa na miliwati 5 ni hatari hadi mita 16 hivi. Ukiwa na 50, hadi mita 50. Watoto wa mbele wako mita mbili.

Marekani, mwale wa maonyesho ya aina hii hutakiwa kupita angalau mita 3 juu ya sakafu ya watazamaji. Projekta ya leza iliyofungwa mahali pamoja huwekewa mpaka wa pembe ya mwale. Mkono wa mchezaji haufungiki. Tena ukumbi wa harusi umejaa vioo, vigae na vito vya kumeta.

Mtaalamu_Macho: Nami naogopa zaidi usichokiona. Kijani hicho kwa kawaida huanza na diodi ya nanomita 808, fuwele moja inatoa 1064, ya pili inaigeuza kuwa 532. Kichujio cha infraredi (mwanga usioonekana) kikikosekana, masalia ya 808 na 1064 hutoka pamoja na kijani. Jicho haliyaoni, kwa hiyo halifumbi. Miwani ya jua haizuii, na miwani ya leza iliyotengenezwa kwa 532 peke yake inaweza kuyapitisha.

Mchezaji_Jukwaani: Tukifunga vile vifuniko vya kutawanya nyota?

TaaNaWaya: Vinagawa mwale, lakini nukta ya katikati mara nyingi hubaki na nguvu kubwa. Usivitegemee.

Toa diodi za leza, weka LED (taa ndogo za kawaida, si leza) za kijani za milimita 5. Betri ya lithiamu ikijaa ni volti 4.2, LED inakula kama 3, basi rezista (kipunguza mkondo) ya ohmu 68 inapitisha takriban miliampea 18. Kila LED iwe na rezista yake. Ukizifunga nne kwa rezista moja, ile yenye volti ndogo hunyonya mkondo mwingi na kuungua kwanza. Toa betri kabla ya kulehemu. Moshi wa jukwaani hautaonyesha mistari mirefu kama ya leza, ila vidole vitang'aa vizuri na hakuna anayepofuka.

Mchezaji_Jukwaani: Nimeelewa. Na kama mtu alishapigwa kwenye mazoezi?

Mtaalamu_Macho: Asisubiri maumivu; retina haiumi. Afunike jicho moja, atazame karatasi ya hesabu yenye miraba, kisha abadilishe jicho. Mistari ikipinda, au doa likibaki katikati, aende kliniki ya macho siku hiyo hiyo na aseme wazi ni leza, rangi gani na kwa umbali gani. Hata asipoona doa, akapimwe. Glavu aende nazo zikiwa zimetolewa betri.