Naombeni ushauri: kadi ya chanjo ya mtoto imepotea na shule wanaitaka Jumatatu

Mama_Mbili:
Habarini wapendwa. Niko Mutukula upande wa Uganda, nina binti wa miaka mitatu na miezi anatakiwa aanze nasari, sasa shule wanataka kadi ya chanjo Jumatatu la sivyo hawampokei, na kadi yenyewe ilipotea tulivyohama nyumba. Swali langu ni moja tu, kadi mpya inapatikanaje haraka? Kuna mtu kasema atanijazia na mhuri kabisa. Msinihukumu jamani, nina mawazo mengi hata usiku silali.

Boda_Kyotera:
Mhuri? Hata mimi ninao wa chama chetu cha boda, lete kadi nikugongee 😂😂

Afande_Mstaafu:
Binti yangu pole. Karatasi ni kitu cha kutunza. Mimi nilipoteza hati ya kiwanja mwaka 2004, niliizungukia ofisi kwa ofisi miaka mitatu. Nunua bahasha ya plastiki, weka kila kitu humo, funga kabatini.

Nesi_Zamu:
Dada, kadi kupotea ni kawaida. Nenda kituo ulikomchanjia, wana rejista, wape jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa watakuandikia nyingine na hailipiwi. Ila huyo wa mhuri wa nini tena kama mtoto alichanjwa? Ile sindano ya paja la kushoto, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, alipata zote tatu?

Mama_Mbili:
Nyingine alipata. Ya wiki ya 6 nilimpeleka mwenyewe.

Mwana_Kasese:
Nyingine ni ngapi mama? Jibu kwa namba.

Mama_Mbili:
Haya. Moja. Usiku ule aliwaka homa, paja likawa gumu kama embe bichi, kalia mpaka alfajiri. Kulipokucha mama mkwe akasema mjukuu wangu hachomwi tena, na mume wangu akakaa upande wa mama yake, na mimi nilikuwa mgeni kwenye nyumba ile ningesema nini? Kadi haikupotea. Mama mkwe aliitia kwenye sigiri mbele yangu. Lakini mtoto amekua vizuri tu hajaugua kitu mpaka juzi, kwa hiyo siwezi kusema nilikosea kiasi hicho. Na yule wa mhuri nishampa elfu kumi na tano, bado kumi na tano, nikighairi nani atanirudishia?

Mwalimu_Arua:
Sheria ya chanjo ipo tangu 2017, mzazi asiyechanja anaweza kufungwa. Na kadi ya bandia ni kosa jingine juu ya hilo. Sisemi kukutisha mama, ila wazazi tuache kupelekwa na maneno. Japani mwaka 1975 waliogopa sindano hii hii ya paja, ndiyo yenye chanjo ya kifaduro, kile kikohozi cha mfululizo, watu wakaacha kuchanja, kufika 1979 watoto zaidi ya 13,000 waliugua na 41 wakafa. Nchi tajiri ile yenye hospitali zote.

Mpakani_Kwetu:
Mimi wangu wanne hawajachanjwa hata mmoja na wanakimbia kama swala. Kikohozi dawa yake maziwa ya punda, bibi yangu alitupa sote tukapona. Waulizeni wa Kapchorwa, kule punda ndio wenyewe.

Shuhuda_256:
Samahanini, mimi naona stori imetungwa. Jina lako Mama Mbili, mtoto unayemtaja mmoja. Kadi ilipotea, mara imechomwa. Alafu nesi yuko tayari na majibu ya wiki ya 6 wiki ya 10 kama tangazo la redio. Nyie ni mtu mmoja. Mtoto wa pili yuko wapi?

Boda_Kyotera:
Hata mimi nilijiuliza hiyo mbili.

Mwana_Kasese:
Shuhuda acha kumwandama mtu mwenye shida.

Shuhuda_256:
Mwenye shida anajibu swali.

Mama_Mbili:
Yupo. Ana siku 26. Nimempakata hapa naandika kwa mkono mmoja. Sikumtaja kwa sababu nilijua mkimjua yeye mtaniuliza ya kikohozi na mimi nilikuja kuuliza kadi. Mkubwa anakohoa wiki ya pili sasa. Mchana anacheza, ukimwona husemi ni mgonjwa. Usiku ndo kinamshika, anakohoa mfululizo hapati nafasi ya kuvuta hewa, jana nilihesabu mara kumi na saba, uso unavimba damu machozi yanamtoka, alafu anavuta pumzi na ule mlio, kisha anatapika uji wote. Tunalala kitanda kimoja mimi katikati. Nampa mululuza, yale majani machungu, na naona kinapungua. Mume yuko safarini Mwanza anarudi Ijumaa, nimepanga nimsubiri yeye, na Jumatatu nikitoka shule nipitie kwa musawo, daktari wa kituoni. Siwezi kumpeleka bila baba yake kujua, nyie hamuijui nyumba yangu.

Nesi_Zamu:
Dada Ijumaa ni mbali. Shuhuda, mimi ni nesi kweli, nina zamu leo, hunijui na sikujui, tuachane na hilo kwanza.

Unayoeleza yote ni ya kifaduro. Mkubwa kinamchosha, lakini kichanga ndiye kinayemuua. Kichanga mara nyingi hata hakohoi kwa mlio, anakata pumzi tu, midomo inageuka bluu, na wewe unadhani kalala. Na hajafika wiki ya 6 kwa hiyo hana sindano, na ile uliyochomwa ukiwa na mimba hapa kwetu ni ya pepopunda na dondakoo, kifaduro hakimo. Kinga yake ilikuwa ni nyie mliomzunguka. Kichanga mtenge kitanda na mkubwa usiku huu huu. Ukiona ameacha kupumua hata kidogo, amegeuka rangi au hanyonyi, usingoje kuche.

Kesho asubuhi nenda na wote wawili. Kuna dawa ya kuua vijidudu, wanapewa wote wa nyumba hata asiyekohoa, mama mkwe pia, manake mtu mzima kinga inamwishia miaka ikienda, anakohoa kidogo tu na anakisambaza. Na mkubwa haanzi upya, ile sindano moja inahesabiwa, anaendelea na ya pili na ya tatu, kati yake wiki nne. Homa ya ule usiku ni kawaida ya sindano ile, dada. Hukumdhuru mtoto wako kwa kumpeleka.

Afande_Mstaafu:
Nimesoma nikaweka simu chini. Mdogo wangu kilimshika kambini Bombo, kabla chanjo hazijaanza kupelekwa kila mahali ile 1983. Mama alikuwa anamwinamisha juu ya beseni la bati. Weupe wa macho ulivilia damu, mlio wake kama jogoo anayejifunza kuwika. Punda tulimtafuta pia, maziwa alikunywa. Tulimzika siku ya Alhamisi. Binti yangu mume atakasirika na atapoa. Nenda.

Mpakani_Kwetu:
Pole mzee. Sikujua.

Boda_Kyotera:
Dada kesho saa kumi na mbili asubuhi niko stendi ya Mutukula, jaketi la kijani. Utanijua. Sitaki pesa.

Mama_Mbili:
Mama mkwe analala chumba cha pili, ataona natoka na watoto wote.

Nesi_Zamu:
Mwambie unaenda kupima uzito wa kichanga. Sio uongo, watampima.

Mama_Mbili:
Wapendwa niko kwenye benchi hapa kituoni, saa nne kasoro. Mama mkwe alituona getini. Hakusema kitu, alirudi ndani akaleta shuka zito akamfunika mdogo. Musawo kamvua shati, kamwangalia kifua kinavyopanda na kushuka na saa mkononi dakika nzima, pumzi 48, akasema ni nzuri ila nisiondoe macho. Tumepewa dawa ya siku tano nyumba nzima. Mkubwa kaandikiwa kadi mpya, imeandikwa sindano moja na nafasi mbili ziko wazi, nimeomba iwe hivyo hivyo. Shule nitawapelekea hiyo, musawo kasema watapiga simu hapa wakitaka. Ya mdogo ni baada ya siku 15. Mume sijampigia bado. Shuhuda, kama bado huamini ni sawa, ila uliuliza mtoto wa pili yuko wapi, kalala hapa.

Shuhuda_256:
Nisamehe mama. Kakohoa?

Mama_Mbili:
Bado. Nasikiliza.