Mambo ya kazi na ya nyumbani: blogu moja au mbili?

mtafsiri_mtulivu: Wakuu habari zenu. Nina blogu ya kazi, natafsiri mikataba na nyaraka, miaka miwili nimeandika tafsiri tu. Mwezi uliopita mama alilazwa nikaandika posti moja ya kukesha naye wodini, aisee komenti zilizokuja ni nyingi kuliko za posti zangu zote za mikataba ukizijumlisha. Sasa nichanganye humo humo, nifungue ya pili, au nibaki na moja nigawe kwa kategoria? Naogopa mteja aje kutafuta bei akutane na dripu ya mama.

Bi_Mkubwa: Pole sana, mama anaendeleaje? Mi nilijaribu mbili. Kufungua sio kazi, Blogger akaunti moja tu inakupa mpaka blogu 100, kazi ni kuzilisha. Ya kazi ilikula kwa sababu inaleta hela, ya nyumbani posti ya mwisho inasema "nitaendelea kesho" na hiyo kesho ina mwaka wa tatu sasa 😂

kategoria_kwanza: Moja, ila igawe. WordPress kila kategoria ina fidi yake (anwani ya kumletea msomaji posti mpya), unaongeza /feed/ mwisho wa anwani ya kategoria basi, msomaji anafuata anachotaka, na ukurasa wa mbele unauwekea za kazi peke yake. Kuhusu Google, mwongozo wao unakuuliza kama saiti yako ina lengo kuu, kwa hiyo mchanganyiko wa hovyo sishauri. Lakini Desemba 2022 hao hao waliongeza uzoefu kwenye vigezo vya wakaguzi wao wanaopima ubora wa matokeo, yaani kisa chako mwenyewe ulivyohangaika na mkataba fulani ni mtaji.

Kipanga: Mtaji mpaka siku ukuponze. Heather Armstrong wa blogu ya Dooce, Marekani, 2002 alifukuzwa kazi kwa sababu ya blogu, mpaka watu wakatunga neno "dooced" kwa anayepoteza kazi hivyo. Na msijidanganye eti utaifuta posti, Wayback Machine, ile maktaba ya kurasa za zamani za mtandao, huenda ishabeba nakala.

Bi_Mkubwa: @Kipanga mbona humalizii, blogu hiyo hiyo ndo baadaye ikamlisha, tena kwa kuandika ya nyumbani kwake, malezi na watoto. Kilichomponza ni ya ofisini.

nukta_tatu: Hapo Bi Mkubwa kagusa penyewe, mi naona tunagawa vibaya, sio kazi na nyumbani, ni yangu na ya mwenzangu. Mi niliandika posti ya kazi kabisa, "wateja wagumu", sikutaja jina, nikasema tu kuna mmoja anatuma meseji saa nane usiku na kila sentensi anaimaliza na alama tatu za mshangao. Usiku huo saa nane na dakika kumi simu ikalia: "Nimesoma!!!" Sijapata kazi yake tena.

Kipanga: 😂😂 sina la kuongeza

mtafsiri_mtulivu: Asanteni, nakwenda na kategoria. @Bi_Mkubwa karudi nyumbani, anakula vizuri. Baada ya kusoma ya nukta_tatu nikaona nimsomee ile posti maana hata sikuwa nimemwambia, kasikiliza yote kimya halafu kasema pale pa kuogeshwa nipatoe, mengine niache. Nimeshapatoa.