Californication imeuza mamilioni, sauti imepasuka, na hadi leo hakuna anayejali!

Wakuu mnivumilie leo, nimekereka kweli. Nimetoka kuisikiliza Californication ya Red Hot Chili Peppers mwanzo mwisho kwa hedifoni za maana na masikio yamechoka kabla hata sijafika nusu. Na sio kwamba siipendi, hii ndo albamu yao ninayoipenda kuliko zote, ningekuwa siipendi ningenyamaza nikaenda zangu.

Kwa wageni: ilitoka Juni 1999, prodyuza Rick Rubin, na ndo iliyowarudisha hawa jamaa mjini. Ile ya 1995, One Hot Minute, waliyofanya na Dave Navarro kwenye gitaa haikufika popote karibu na mauzo ya Blood Sugar Sex Magik ya 1991, watu wakaanza kuwazika. John Frusciante, mpiga gitaa wao, alikuwa ameshaikimbia bendi 1992 ziara ikiwa inaendelea, madawa yakamtafuna miaka kadhaa nusura yamuue, akarudi 1998, wakajifungia gereji kwa Flea, mpiga besi wao, wakatunga upya. Matokeo yake mnayajua, kopi zaidi ya milioni 15 duniani, na Scar Tissue ikabeba Grammy ya wimbo bora wa rock. Sasa mtu amerudi kutoka karibu na kaburi, anapiga noti chache chache, kila moja ameipa nafasi ipumue, halafu nyie mafundi wa sauti mnachukua kazi hiyo mnaikandamiza, kila kitu kiwe na kelele sawasawa, mpaka pumzi yote inaisha???

Asiyeamini afungue CD kwenye Audacity, ile programu ya kompyuta inayochora sauti kama mawimbi, aangalie mwenyewe. Wimbo wenye afya utaona mawimbi yanapanda yanashuka, pale dramu inapogonga kuna kichwa kinachomoza juu. Hapa ni tofali tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ukivuta karibu unakuta vichwa vya mawimbi vimekatwa bapa kama kwa msumeno. CD ina dari lake, ni sifuri desibeli, juu ya hapo hakuna kitu, ukilazimisha sauti ipite unachopata ni mkwaruzo basi. Na kilichokatwa kwenye CD hakirudi, hata uwe na spika za bei gani, kwa hiyo wale wa "badilisha hedifoni mkuu" naomba mpumzike, hedifoni nzuri ndo zinaanika uozo wenyewe.

Chukua Parallel Universe. Beti zinaenda kwa besi na gitaa zinazokimbizana zimebanwa banwa, wimbo umejengwa ili kiitikio kikifika kilipuke. Ila beti lenyewe limeshasukumwa hadi darini, kiitikio kitapanda kwenda wapi? Hakipandi, kinapasuka tu, krrr krrr, na Chad Smith ambaye ni mmoja wa watu wanaotandika dramu kwa nguvu kuliko wote anasikika kama anagonga boksi. Kishindo kile kifuani hakipo. Mtu katoa jasho studio, nyie mkafuta kazi yake kwa kuzungusha kitufe.

Af najua anakuja mtu kusema "hiyo ni rock bana, lazima iwe chafu". Aisee. Besi inayofungua Around the World ni chafu, inanguruma, na Flea kaitaka hivyo na mimi naipenda vibaya mno. Huo ni uchafu wa mpigaji. Huu mkwaruzo ninaoulalamikia haukupigwa na mtu yeyote, hakuna kidole kilichogusa uzi kikautoa, umezaliwa mwishoni kabisa kwenye kumasta, yaani ile hatua ya mwisho ya kurekebisha sauti kabla CD haijachapwa, kwa sababu kila mtu miaka ile alitaka CD yake iwe na kelele kuliko ya jirani. Eti isikike zaidi redioni. Wakati redio nazo zina mitambo yao ya kubana sauti, kila wimbo unatoka hewani kwa nguvu ileile, kwa hiyo faida yenyewe ilikuwa hewa tangu siku ya kwanza!

Na sasa hivi ndo kichekesho kabisa. Spotify na YouTube zinasawazisha sauti, wimbo wenye kelele sana wanaushusha mpaka ulingane na wenzake. Yaani ule ukubwa waliouhangaikia umeondolewa wote, kilichobaki ni mkwaruzo peke yake, tena sasa unasikika mdogo na umebanwa ukiuweka karibu na wimbo wa zamani uliomastiwa kwa ustaarabu. Walilipa gharama, walichonunua kimechukuliwa, gharama tunaendelea kuilipa sisi.

Mashabiki wameshaandika hadi ombi la kukusanya saini, tunaomba kitu kimoja tu, rudini kwenye miksi, yaani nyimbo zikiwa zimechanganywa ila hazijamastiwa, mumaste upya. Na msiseme haiwezekani, zipo miksi za awali zilizovuja zinazunguka mitaani miaka mingi, nyimbo zilezile, zina hewa, dramu zinapiga kama dramu. Ila jibu tunalopewa kila ukigusa hii mada ni lilelile, "mbona imeuza". Imeuza kwa sababu nyimbo ni kali! Watu walinunua nyimbo, hakuna aliyeingia dukani akasema nipe ile yenye mkwaruzo. Kama hata ikiwa imeharibiwa hivi imeuza milioni 15, ndo kwanza mna hela ya kuirekebisha kuliko bendi nyingine yoyote.

Anayetaka kubisha abishe, ila aje na picha ya mawimbi ya Parallel Universe kutoka kwenye CD ya 1999, aiweke hapa, anionyeshe sehemu moja tu ambayo haijakatwa. Bila picha usinijibu.