Moyale au ndege? Nataka kuwahi moto wa Meskel Square, Addis Ababa

Jicho_la_Kibuye: Wakuu habari. Mimi mpiga picha za harusi hapa Kisumu. Miaka sita najiambia nitaenda Addis kuipiga Demera, ule moto wanaouwasha Meskel Square jioni ya tarehe 26 Septemba, kesho yake ikiwa sikukuu ya Msalaba. Mwaka huu liwalo na liwe. Nipite Moyale kwa basi au nijikamue nipande ndege Nairobi? Usingizi hauji. Nijibuni upesi.

Utingo_Mstaafu: Basi. Siku hizi ni lami tupu mpaka Moyale. Sisi enzi zetu tulipanda juu ya malori ya ng'ombe, umeshika chuma, vumbi mpaka kwenye meno. Niliwahi kushuka Marsabit mama mmoja akaniamkia "shikamoo mzee", na nilikuwa na miaka ishirini na mbili! Ukivuka mpaka bado una zaidi ya kilomita 700. Visa Mkenya haulizwi. Addis iko juu, mita 2,300 na zaidi, kwa hiyo wewe wa ziwani beba koti zito.

MamaNjoro: Mimi nilienda. Raha yake saa zao ni kama zetu, jua likichomoza ni saa kumi na mbili, saa moja ndiyo hiyo inafuata. Wazungu wanahangaika, mimi natembea tu. Na kalenda yao iko nyuma miaka saba, nane hivi, nikarudi ujana bila mafuta ya uso. Fika uwanjani mapema, kuna ukaguzi. Miti imesimamishwa kama hema, imefungwa maua ya manjano. Ikishika moto watu wote wanautazama mti wa katikati utaangukia upande gani, wanausoma kama ishara ya mwaka.

Shemeji_wa_Wote: Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya basi. Anakosa kwa deni au kwa mke. Sema, bwana.

Jicho_la_Kibuye: Sawa. Tarehe 26 ni Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo tunamzika baba mkwe, Siaya.

Shemeji_wa_Wote: 😳

Jicho_la_Kibuye: Msinihukumu. Ng'ombe nimeshanunua, mdogo wangu atamfikisha. Chumba Addis nimelipia, pesa hairudi. Na moto unawashwa mara moja kwa mwaka.

Shemeji_wa_Wote: Na mzee anazikwa mara ngapi?

Mwalimu_Butere: Kijana, uwanja unaoukimbilia si wa moto tu. Wakati wa Derg, ile serikali ya wanajeshi, uliitwa Uwanja wa Mapinduzi. Mwaka 1977 mkuu wao, Mengistu, alisimama pale akavunja chupa za kitu chekundu kama damu, na waliouawa baada ya hapo hawahesabiki. Makumbusho yao yako hapohapo kando, yalifunguliwa 2010. Wenzako wanawajengea nyumba wafu wasiowajua, wewe unamkimbia aliyekupa mke. Huyo mke anasemaje?

Jicho_la_Kibuye: Anajua nina harusi Mombasa. Nilipokea malipo ya kwanza kabla ya msiba. Yaani ndivyo nilivyomwambia.

Hakimu_wa_Lurambi: Nanusa utunzi. Asubuhi hujui hata utasafiri na nini, mchana una chumba umelipia. Asubuhi hakuna msiba, mchana kuna mkwe, ng'ombe na harusi hewa. Mwaka jana humu kuna mtu alikimbia matanga akaenda Zanzibar, tukamshauri siku mbili, kumbe hana hata mke.

MamaNjoro: Yule niliahidi kumwombea. Nilimwombea kweli.

Jicho_la_Kibuye: Natunga? Ng'ombe yuko hapa uani, amefungwa kwenye mpera. Jana kala shuka ya jirani kwenye kamba, umebaki upindo wenye maua ya bluu unaning'inia mdomoni, nimemvuta nao kama kamba. Nimelipa 800. Nani anatunga hivyo?

MamaNjoro: Shuka ya pamba au nailoni? Wetu alikula nailoni, akavimba, tukamchinja kabla ya siku yake.

Hakimu_wa_Lurambi: Weka picha. Si wewe mpiga picha?

Jicho_la_Kibuye: Ngoja.

Hakimu_wa_Lurambi: Tunangoja.

Jicho_la_Kibuye: Wakuu, mke amefungua begi. Ameliona koti. Amesimama mlangoni nalo mkononi, anauliza Mombasa siku hizi kuna baridi gani.

Utingo_Mstaafu: Na soksi. Nilisahau kukwambia soksi.